Kasisi Ambrose na Kondoo wa Kajiado

Jumamosi, 3 Mei
Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani mimi na mke wangu Nekesa, kwamba soksi ya kahawia iliyotoweka tangu Pasaka imepatikana leo asubuhi. Ilikuwa ndani ya foronya. Hakuna aliyekamatwa. Shughuli za kawaida ziendelee.

Zikaendelea. Chai, mandazi ya jana, vumbi la malori ya kokoto juu ya meza. Hii ndiyo Kitengela yetu. Nikakaa na kasisi wangu mpaka saa sita.

Kasisi Ambrose Thirkett, Mwingereza. Amekufa miaka kama mia nne sasa, na hajui kuna mwalimu wa jiografia huku anamchimbua. Kozi ya wasomaji wa kanisa inataka kila mmoja wetu aandike maisha na ukoo wa mtumishi wa zamani. Wenzangu waliwahi watakatifu. Mimi nilichelewa, nikapewa aliyebaki.

Jumapili, 4 Mei
Nampenda huyu mtu. Babu yake alikuwa anawanyoa kondoo wa wenyewe. Baba yake alitia sufu rangi, mikono ya bluu mpaka kaburini. Ambrose mwenyewe alisoma chuo kikuu kwa kuwaandalia meza wanafunzi matajiri. Alipopata parokia akaanza kudai ametoka kwa mabwana wakubwa. Ningedai pia.

Nekesa anauliza kama huyu Ambrose atakuwa analala hapa na kama anakula sukuma wiki.

Jumatano, 7 Mei
Habari kubwa. Barasa, kijana wetu wa kwanza, amepiga simu. Baba Naserian amekubali tufike Jumamosi, nyumbani kwao nje kidogo ya Kajiado. Naserian ni mchumba wake, muuguzi, ana akili, anamcheka Barasa inavyopaswa. Tunamtaka sana.

Nekesa amenipa masharti. "Baba Barasa, ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, kunywa chai."

Nimetayarisha hotuba fupi. Kuhusu ukoo. Niko na mazoezi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeharibu. Sitaki kuandika.

Jumapili, 11 Mei
Basi niandike.

Tulimngojea Naserian kwenye kanisa la kwao ili atuonyeshe njia. Ukutani kuna jiwe: ardhi ilitolewa na mzee fulani. Nikauliza. Ni babu yake Naserian, marehemu. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyeona karatasi ya mtihani mapema.

Tukafika. Salamu za Kimaasai, sopa na ipa, mikono, chai ya maziwa matupu. Kila kitu kizuri. Halafu nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nikawataja wazee wangu wa Bungoma mmoja mmoja, wote wako chini ya udongo. Kwetu hiyo ni heshima. Marehemu tunampa mtoto jina lake ndio asipotee. Kisha nikamgeukia Baba Naserian, nikamtaja baba yake. Jina lote. Kwa sauti. Mara mbili, mkono juu, kana kwamba namkaribisha mzee aingie.

Baba Naserian akaweka kikombe chini. Akina mama waliokuwa mlangoni wakarudi ndani. Mzee mmoja akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

"Tutawaita," Baba Naserian akasema. Hiyo tu.

Naserian alilia kando ya gari. Barasa aliendesha mpaka Isinya macho barabarani tu. Isinya mpaka hapa, vilevile.

Kanisani leo wameniuliza. Nimesema mazungumzo yanaendelea vizuri.

Jumanne, 13 Mei
Nimemwambia Mwalimu Sempeyo, tunayefundisha naye. Yeye ni mtu wa huko huko Kajiado. Alishika kichwa.

"Ulimwita marehemu mbele ya mtoto wake? Mwalimu! Hata mtihani haukuwepo, na bado ukaanguka."

Kumbe jina la aliyekufa halitajwi hivyo. Unazunguka: yule mzee, baba yake fulani. Siku hizi wengine hawajali, anasema. Kwa boma ile wanajali. Nikamwambia lakini limeandikwa ukutani. Akasema jiwe halina baba wa kumlilia.

Ushauri wake: niende mwenyewe. Nipeleke kondoo jike. Nisiongee sana. Amesema hilo la mwisho ndilo litanishinda.

Alhamisi, 15 Mei
Hakuna aliyetuita. Barasa amekuja jioni, akakaa bila kuvua koti. "Baba, bila baraka za mzee siwezi kumwoa. Na yeye hawezi kuolewa." Kisha akala kidogo, akaenda. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ambrose yuko mezani, sijamgusa. Najua rangi ya mikono ya baba yake. Baba Naserian, aliye hapo mbele tu kwenye barabara ya Namanga, sikujua kinachomuuma. Mimi ni mjinga mwenye vyeti.

Jumamosi, 17 Mei
Nimeenda, Sempeyo akiendesha. Nimerudi. Gari ya Sempeyo inanuka kondoo na ataninunia mwezi mzima. Nimechoka, lakini nimechoka vizuri.

Jumapili, 18 Mei
Leo baada ya ibada nimewasimulia watu jinsi nilivyoomba msamaha kwa maneno mazito, wazee wakaguswa. Nekesa alikuwa ananiangalia tu. Humu daftarini hakuna mtu wa kumringia, kwa hivyo niseme vile ilikuwa.

Maneno mazito hayakuwepo. Nilisimama langoni na kamba mkononi. Nikasema, "Mzee, nimekosa." Kondoo akavuta. Nikaangukia magoti yote mawili, na si kwa unyenyekevu. Baba Naserian akakaza mdomo usicheke. Akachukua kamba, akamfungua kondoo mdomo, akaangalia meno. Akaniambia nikae.

Akaniuliza kwa nini napenda watu waliokufa hivi. Nikamweleza kozi, nikamweleza juu ya Mwingereza.

"Ameacha watoto?"

Hapana. Binti mmoja tu, na alitangulia kufa. Ukoo uliishia hapo.

"Kwa hivyo hakuna mtu utaumiza."

"Hakuna, Mzee."

"Basi huyo mtaje."

Nikamtaja. Chuo kikuu hakikumsisimua. Ukuu wa kujidai, hata kidogo. Lakini niliposema waumini walimlipa Ambrose kwa mifugo, kila mwana-kondoo wa kumi ni wake, akanishika mkono ninyamaze. Kila wa kumi? Nani alikuwa anachagua? Walimpa wale wagonjwa? Rangi gani? Na Jumapili akiwa madhabahuni, nani alikuwa anachunga?

Sikujua hata moja. Tukacheka mpaka Mama Naserian akatoka kuona ni nini. Akarudi na chai. Nilipoiona ile chai machozi yakanitoka, mtu mzima kama mimi. Sempeyo akajifanya anapiga simu.

Jumamosi ijayo tumeitwa, sote. Wakati wa kuagana Baba Naserian akasema tusisumbuane na majina tena. Ataniita Paker, na mimi nimwite Paker. Watu waliopeana kondoo huitana hivyo, Sempeyo akaniambia njiani. Nilimpigia Barasa simu kumpa habari. Akasema, "Asante, Baba. Jumamosi usisimame."

Jioni hii nimemrudia Ambrose. Naandika polepole. Nekesa anakunja nguo, soksi zangu zote ziko mbili mbili. Simu imelia.

"Paker."

"Paker."

Alitaka kujua kama nimepata aliyekuwa anachunga Jumapili. Nimesema bado natafuta. Akasema kondoo anakula vizuri.