Utumbo wa Kenge Uliouosha

Bergen, Norwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na mihogo hapo Kigongo, mvua imeifikia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaniingia mpaka kwenye meno. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na sababu naijua.

Yule kenge aliyegongwa na gari tulimpasua ili nipate minyoo ya tumboni mwake kwa masomo yangu ya huku, lakini wewe sikukuambia kuwa naitaka minyoo. Niliacha utumbo kwenye beseni nikakimbilia Buzuruga kutafuta spiriti ya kuwahifadhia. Wewe, ambaye kenge akikatiza uani unabadili njia, ukatia mikono yako mle, ukausugua kwa chumvi na limao kama wa mbuzi, maji ukawamwagia kuku. Nikaukuta unang'aa.

"Wazungu wasije wakasema tumewapelekea uchafu," ukaniambia, tena kwa furaha.

Nami nikakufokea mbele ya jirani yako, Mama Neema, kwamba hujui kitu. Kesho yake nikapanda ndege bila kukuomba radhi. Naona aibu mpaka leo.

Sasa habari yenyewe. Minyoo saba walibaki wameng'ang'ania ndani ya utumbo, na wa kiume aliye mzima ni mmoja tu. Mwalimu wangu wa chuo amekaa na hadubini wiki tatu, akapekua vitabu vyote. Mkia kama wa huyo dume haujaandikwa popote. Ni aina mpya, Mama! Wanaojulikana duniani ni hao saba, wenzao wameliwa na kuku wako.

Akaniuliza mbona ni wachache, tena wamesinyaa. Nikajibu, "Kuna mtu kule nyumbani hakuelewa maelekezo."

Mtu! Neno hilo lilinisumbua siku nne. Jana nikarudi ofisini kwake nikamwambia aliyeuosha ni mama yangu, na maelekezo sikuyatoa. Hakucheka. Akasema kwenye makala, tukieleza tulivyowapata, tuandike hivyo hivyo. Basi jina lako limo, Mama, na chumvi imo, na limao limo.

Nisalimie Baba, na kaka Masanja aliyembeba kenge begani bila kununa, na shangazi wa Kiseke. Jumapili nitapiga mkitoka kanisani.

Ukimaliza kuisoma barua hii, mpe Mama Neema naye aisome yote. Nilikufokea mbele yake. Nisamehe mbele yake.

Mwanao,
Kabula