Fundo la Baba

3 Machi, mwaka wa tatu tangu niondoke

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mama, kikohozi kimemwachia? Mimi mzima, ila vidole tu.

Siku hizi hapa kiwandani nashona soli za viatu vya ngozi bandia. Tunalipwa kwa jozi, kwa hiyo hapa hata kwenda msalani ni hasara. Uzi naumalizia kwa fundo lako, lile la kuzungusha mara mbili na kulificha ndani. Msimamizi wetu, tunayemwita Kengele kwa sababu hanyamazi, anasema nachelewesha. Nifanyeje? Mkono wangu haujui fundo jingine.

Kodi ya kibanda chako cha kushonea viatu nimetuma. Kishikilie, baba. Nikirudi tutakaa benchi moja.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu, marahaba. Mama yako sasa analala bila kukohoa. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana.

Kazi imekauka. Sokoni kumejaa viatu vipya, bei yake chini ya kiraka changu. Vinaachia soli kabla ya mwezi kuisha, watu wanatupa, wananunua vingine. Nani ataleta cha zamani kushonwa?

Juzi mwalimu jirani yetu kaniletea jozi ya aina hiyo. Kisigino kimelika chote, lakini soli imegoma kuachia. Nikaichokonoa kwa msharasi, ile sindano yangu ya viatu, nione kuna nini, nikakuta fundo letu. Nilicheka peke yangu mpaka mama yako akatoka kuniangalia. Halafu kicheko kikaniishia. Mwanangu, unanifungia kibanda kwa mkono niliokufundisha mimi, na kodi yake unalipa wewe.

Sikulaumu. Nakuuliza tu: anayekula hapo katikati ni nani?

Baba yako

11 Novemba

Baba, shikamoo. Nisamehe kimya. Barua yako nimeikunjua mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Kengele naye viatu vyake vimetoboka. Mwenye kiwanda hatujawahi kumwona.

Kisha meneja akashuka na jozi mkononi, akauliza nani anafunga hivi. Nikainua mkono, nikidhani nasifiwa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Kiatu kisichochanika kinatunyima mteja."

Kesho yake uzi ukaondolewa, ikaletwa gundi. Nusu ya washonaji wakarudishwa makwao. Mwenzangu wa benchi aliondoka bila kuniaga. Nasikia alisema mkono ule ningeuacha mfukoni. Mimi nimebakizwa kupaka gundi. Kichwa kinagonga kutwa, chakula hakina ladha. Na mtoto wa fundi viatu, anayetengeneza viatu, anatembea na soli iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Usiniambie nivumilie, baba. Nimevumilia, na faida ya uvumilivu wangu wameiona wengine.

Kodi ya kibanda usilipe tena. Rudisha ufunguo, benchi lihamishie barazani, ila usilipunguze urefu. Msharasi usiuze.

Nafika mwezi wa pili, mkataba ukiisha. Mshahara wa mwisho wameushikilia hadi siku hiyo. Wakinipa, nakuja kwa basi. Wakininyima, nitakuja kwa kudandia malori, basi nitegemee mwezi wa tatu. Ukisikia kitu kinapigapiga uani, ni soli yangu. Mlango atafungua mama. Wewe anza kutafuta uzi.

Mwanao