Printa Iliyoitwa Mama Pacha Taratibu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Pacha, kama ninavyoitwa kazini na nyumbani
Umri: miaka 46
Kazi: karani wa ofisi ya shule ya sekondari
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya shule
Hali ya ndoa: mjane

Mimi ndiye mwenye maelezo haya. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Hakuna aliyenituma.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kompyuta hapo shuleni. Alifariki miezi saba iliyopita. Fundi mliyemweka mahabusu alifundishwa kazi na yeye, akimwita kaka, na mimi ananiita shemeji. Siku ya mazishi ndiye aliyenishika mkono mpaka tukarudi nyumbani.

Mume wangu alipoiunganisha printa ya ofisi aliipa jina kwenye kompyuta yangu: "Mama Pacha Taratibu". Ni kwa sababu nagonga vitufe kwa nguvu. Alikuwa akipepea karatasi kabla ya kuziweka, anasema nazo zinataka kupumua. Kila nilipotaka kuchapa, jina hilo lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Fundi alikuwepo siku hiyo, alicheka sana.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, fundi alileta printa mpya ofisini, akaiunganisha kwenye mtandao. Ile ya zamani aliichomoa ili akaitengeneze. Akaniuliza, "Shemeji, hili jina la zamani nilifute? Litakuja kukuchanganya." Nikamjibu, "Niachie, nitalifuta mwenyewe." Akasema, "Haya. Ila tiki ya kuchagua printa usiiguse, nimekuwekea kwenye mpya."

Saa nane mchana nilikuwa peke yangu. Jina la mume wangu, namaanisha jina alilonipa, lilikuwa limeshuka chini ya orodha na limekuwa la kijivu. Nikairudisha tiki kwenye jina hilo ili lipande juu. Nilitaka kuliona tu. Halafu simu ikaita, nikasahau.

Saa tisa na dakika kumi na mbili mwalimu wa mitihani alinipa mtihani wa hesabu wa kidato cha nne niuchape. Nilibonyeza, karatasi haikutoka. Nikabonyeza tena, jumla mara nne. Mwalimu akaniambia, "Mama Pacha, hiyo si kinu, usiitwange." Hapo nikaona nimeituma kwa ile ya zamani. Nikachagua mpya, mtihani ukatoka, akauchukua. Zile kazi nne nilijua ziko kwenye foleni ya kompyuta, zinasubiri kuchapwa. Sikuzifuta. Nilidhani printa ile imekwisha, na kazi iliyotumwa kwa mashine iliyokwisha haiendi popote. Wala sikuizima kompyuta nilipoondoka.

Tarehe 10, saa mbili asubuhi, fundi aliipeleka printa ya zamani maktaba. Alikuwa ameitengeneza ili wanafunzi waitumie. Aliichomeka kwenye mtandao, akaenda kutafuta karatasi zaidi. Kwa kuwa anwani yake kwenye mtandao haikubadilika, kompyuta yangu iliiona, na kazi zangu nne zikaenda. Mwalimu wa maktaba alipoingia alikuta wanafunzi wameizunguka, wananakili maswali.

Saa tano mkuu wa shule alituita ofisini kwake. Nakala nne zilikuwa mezani. Chini pembeni ya kila moja kuna tarehe na saa ilipotumwa: tarehe 9, saa tisa na dakika kumi na mbili. Niliposoma pale nilijua. Mkuu alimwambia fundi, "Mashine umeigusa wewe. Nywila za kompyuta zote unazo wewe. Unataka nimshike nani?" Kisha akaniuliza, "Mama Pacha, wewe ulichapa wapi?" Nikasema, "Kwenye mpya, mkuu." Fundi akaniangalia, akasema kwa upole, "Shemeji, hebu kumbuka vizuri." Nikasema nakumbuka.

Nilirudi mezani kwangu, nikaifuta printa ya zamani kwenye kompyuta. Naomba hili liandikwe kama lilivyo. Jina nililoshindwa kulifuta kwa ajili ya mapenzi, nililifuta kwa ajili ya woga. Nilibonyeza mara moja, tena polepole, likaondoka. Saa sita gari la polisi lilikuja kumchukua fundi. Nilichungulia dirishani. Sikutoka.

Jana tarehe 11, saa kumi na moja jioni, mke wa fundi alikuja kwangu. Hakujua lolote. Alisema, "Dada, wewe ndiye unayejua barua za maofisini. Niandikie moja kwa mkuu, umwambie mume wangu si mwizi." Akaniuliza pia kama nimekula, kwa sababu aliniona nimekonda. Niliiandika ile barua kwa mkono. Nilipofika kwenye neno "mwizi" kalamu ilinishinda. Nikamwambia arudi nyumbani, kesho nitakwenda mwenyewe.

Fundi hakuvujisha mtihani. Saa iliyo kwenye zile nakala ni ya kompyuta yangu, na dakika hiyo printa ilikuwa kwake, imechomolewa. Mwalimu wa mitihani aliniona nikibonyeza. Kosa ni langu, na uongo ni wangu.

Sina lingine la kuongeza. Nimesomewa niliyosema, nimeyasikia, na ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Tarehe 12, saa nne kasoro robo asubuhi

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika mimi kama shahidi alivyoyatoa, bila kumlazimisha. Mwalimu wa mitihani amepigiwa simu, amethibitisha. Shahidi alielezwa kwamba anaweza kwenda na ataitwa. Aliomba kusubiri kwenye benchi. Mtuhumiwa ametolewa saa tano na nusu na kusomewa maelezo haya. Alimpokea shahidi mkoba wake, wakatoka pamoja.