Nilisema Vyembe ni Vizima

Dada Zuhura, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada, na naomba barua hii uisome kabla ya Alhamisi maana siku hiyo mzee ninayemwendesha anasafiri. Mimi ni Mtanzania wa Kondoa, dereva wa nyumba moja hapa Al Rayyan, Uarabuni, mwaka wa sita sasa, na kabla ya yote ujue kwamba tajiri wangu ni mtu mwema, namwita Baba, kwani mama yangu alipofariki mwaka 2011 yeye alinikatia tiketi siku ile ile, akanipa pasipoti mkononi akasema nenda ukamzike, kazi itakungoja, na kweli ilingoja, nami sisali bila kumwombea.

Sasa Baba anapenda kuwinda, kila mwaka huenda kwenye shamba la wanyama Afrika Kusini na upinde wake wenye kitako na kifyatulio kama bunduki, na safari hii mwanawe amemwagizia mtandaoni vyembe vya mishale kutoka China, vile vipana vyenye nyembe tatu, pakiti nzima kwa bei ya kimoja cha zamani, basi Baba akanipa mimi nivijaribu kwa sababu anajua marehemu baba yangu alikuwa mfua vyembe. Nikapiga gunia la mchanga, cha kwanza kizuri, cha pili kizuri, cha tatu nyembe zikalegea na mmoja ukapinda, nami bado nimekishika mkononi Baba akapiga simu kuuliza, na mdomo wangu ukajibu wenyewe kama unavyojibu kila siku, "Mafi mushkila, Baba," yaani hakuna tatizo, akacheka kwa furaha, nikakificha kile kibovu kwenye droo ya gari. Rafiki yangu Omondi, Mkenya, askari wa lango la jirani, ananiambia, "Wee nyamaza bana, ukisema saa hii atauliza mbona ulimdanganya, na unajua hapa kazi huisha aje." Lakini baba yangu alikuwa akisema chembe kinachopinda mchangani kitavunjika mfupani, na kila nikifikiria mnyama anakimbia na chuma tumboni, anakufa porini bure, na Baba atapiga bismillahi na kufyatua juu ya uongo wangu, nafungua ile droo nakitazama tena. Nifanyeje?
Zuberi

Zuberi mdogo wangu,

Pole, na barua yako nimeitanguliza mbele ya zote. Lakini mtoto wa mfua chuma kudanganya kuhusu chuma, hapo umeniudhi. Hujadanganya kwa ubaya, najua. Ni ile mafi mushkila yetu sote tulio Ughaibuni: gari limewaka moto, mafi mushkila, jino linauma wiki ya pili, mafi mushkila. Tunaisema ili tusionekane mzigo, mwisho hata wanaotupenda hawajui tulivyo.

Omondi anakupenda, ila usimsikilize. Yeye anamzungumzia tajiri yeyote, na wewe una huyu mmoja aliyekupa pasipoti siku ya msiba. Mzee huyo hakukuuliza wewe kwa kukosa watu. Aliuliza jicho la baba yako. Mficha uchi hazai, ndugu yangu, na hapa atakayeumia ni mnyama asiye na kosa.

Kesho Alfajiri ukimrudisha kutoka msikitini, usizime gari ukakimbilia getini. Fungua droo, mwekee kile chembe kiganjani. Usimlaumu mwanawe, alinunua kwa mapenzi. Mwambie uliogopa, muombe radhi, kisha umwombe afungashe vyembe vyake vya zamani na hivi vipya avibakishe nyumbani. Huenda akakasirika. Mwache akasirike, wewe kaa hapo hapo.

Katika barua yako umemshukuru mtu huyu sana, ila shukrani hizo umeniambia mimi, na mimi sikukukatia tiketi. Shukrani yake ni maneno ambayo hajayasikia kwako kwa miaka sita, kwamba tatizo lipo: "Baba, fi mushkila."