Kashata Zako Zimeisha Malaba

Mamangu, shikamoo. Malaba leo mvua imeshinda ikinyesha. Mkopo wa wanafunzi wenye biashara wataka wadhamini, nami huku chuoni ni mgeni. Nikawaendea akina mama wa chama cha sokoni.

"Sisi hatusimamii mtu hatujakula chakula yake," muuza omena, dagaa wa huku, akaniambia.

Nikawaonjesha kashata ninazouza. Wakaonja moja moja, wakanirudishia zilizobaki. Basi nikazitoa zile zako za nazi ulizonifungia safarini, ambazo kila jioni nilikuwa nazinusa tu. Nikawaambia ni za mikono yako. Wakazimaliza zote!

"Kama ni huyu mama alikufunza, dada, tutakusimamia," akasema yule muuza omena.

Mungu akuweke, mama. Wadhamini nimepata. Karatasi ya kashata ni tupu, na bado nainusa.

Mwanao, Mwanaisha