Mkono wa Tereza Bado Haujafika Sikioni

Tabora, Jumapili jioni

Dada Monika, shikamoo.

Najua hutaitikia. Lakini barua zangu zote kwako nimezianza hivyo, na kalamu haikubali kuanza vingine.

Tereza wako nimemleta mjini. Nimempa kitanda, mimi natandika mkeka. Anakula. Ila tangu tuondoke kijijini Puge hakusoma neno, yeye aliyejifunza kusoma mapajani pako, kwenye barua nilizokuandikia kutoka huku mjini. Nilipompa kitabu, alikifunika. Kila siku katika shajara niliandika: “Leo hajasoma.”

Jumatatu nilimpeleka shule. Mwalimu Mkuu akampima kama watoto wote: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Vidole viliishia kwenye nywele.

“Bado mdogo, Bwana Karani. Arudi mwakani.”

Nikamwambia mtoto huyu anajua kusoma, na akikaa bure mwaka mzima, kitu kitazimika ndani yake. Nikaomba amfundishe peke yake, hata saa moja, wengine wakishatoka.

Akacheka. “Kila mjomba ana mpwa mwenye akili! Wananiletea watoto waliokariri kitabu kizima. Hata kasuku hukariri. Nipe maandishi ambayo hajawahi kuyaona.”

Ndani ya shajara nilikuwa na barua yangu ya mwisho kwako, ile iliyofika Puge umekwisha kuzikwa. Haikuwahi kufunguliwa. Nisamehe, dada. Niliichana bahasha mbele ya mtoto. Sikuwa na kingine.

Tereza aliutambua mwandiko. Aliutazama mpaka Mwalimu akaanza kukusanya karatasi zake. Kisha akasoma: “Dada, shikamoo.” Akatulia. Ni pale ulipozoea kuijibu barua, “Marahaba!” kana kwamba nimeingia mlangoni. Alingoja kidogo, akaendelea bila kukwama: “Wiki hii bwana mkubwa amenikatalia ruhusa. Nivumilie. Nitakuja Jumamosi bila kukosa, nikulete hospitali Kitete.”

Akaikunja mara nne, kama ulivyokuwa ukizikunja wewe.

“Mjomba,” akasema, “Jumamosi ulikuja. Mama ndiye hakuwepo.”

Mwalimu alivua miwani. Mimi nilitoka nje. Ukurasa wa siku ile katika shajara yangu ni mtupu.

Jina lake halitaandikwa katika daftari la shule mpaka mkono ufike sikioni. Lakini kila siku, wenzake wakitoka, Mwalimu humkalisha saa moja na kitabu cha darasa la tatu. Jana, bila kuombwa, Tereza alinisomea maandishi ya kwenye kiberiti huku nikiwasha moto. Niliandika: “Leo amesoma.”

Kila asubuhi anajipima kabla hata ya kunawa uso. Bado vidole viwili.

Pumzika, dada. Siku atakapolishika sikio lake, nitamleta kaburini akusomee barua hii yeye mwenyewe. Itakuwa siku hiyohiyo. Ruhusa sitaomba.

Mdogo wako,
Petro