Firigisi ya Bungoma

Mama, Kibomet hamjambo? Huku Bungoma mvua ni ya kila jioni, na leo nimelia kidogo.

Njia yetu ya kuchomelea ilipimwa kwa bomba jembamba, na sheria ya kazi hairuhusu kuitumia kwa bomba nene mpaka ipimwe upya. Basi leo nikachomelea kipande cha lile nene kwa ajili ya kipimo hicho. Kilipokunjwa kwa mashine kuona kama kiungo kitashika, kikapasuka mbele ya wote.

Mchana tulipikiwa kuku. Fundi mkuu, mzee wa Bumula, akawekewa firigisi, ile ambayo kwetu huliwa na wanaume tu. Akanisukumia mimi.

“Kula, msichana wangu. Kesho tunachomelea kipande ingine.”

Nimekula, Mama! Mwambie Baba sasa najua kwa nini alikuwa hatugawii.

Nawapenda,
Nafula